Afya: « Ni mawazo tu », neno dogo linaloficha magonjwa makubwa

Muulize mtu wa Goma, Bukavu ao Uvira kwa nini amekonda, kwa nini halali, kwa nini moyo unaenda mbio hata akiwa ameketi. Mara nyingi jibu ni fupi: « Ni mawazo tu. » Jirani anamwambia aache kuwaza, na mazungumzo yanaisha hapo. Lakini mawazo yakikaa muda mrefu, yanaweza kumfikisha mtu hospitalini.

Mwili wa binadamu unajua kujilinda. Risasi zikilia, ubongo unaamuru tezi zilizo juu ya figo zimwage adrenalini na kortizoli ndani ya damu. Moyo unapiga haraka, tansiyo inapanda, sukari inaongezeka katika damu, na tumbo linapunguza kazi ya kusaga chakula. Kwa dakika chache, hayo yote yanaweza kuokoa maisha. Hatari ikipita, mwili unatulia.

Shida inaanza wakati hatari imebaki kichwani. Vita vilipofika Goma mwezi wa Januari 2025, kisha Bukavu mwezi wa Februari, benki zilifunga milango na watu wengi wakapoteza kazi. Chukua mfano wa mama muuza samaki kwenye soko la Kadutu. Mtaji umeibwa, mume hana kazi, pesa ya masomo ya watoto haijalipwa, mwenye nyumba anadai kila asubuhi. Usiku analala kitandani, lakini kichwa kinaendelea kuhesabu madeni. Hakuna mtu anayemfukuza, ila mwili wake unashinda ukikimbia mpaka kunakucha.

Ikiendelea hivyo kwa miezi, kichwa kinauma, shingo na mgongo vinakaza, usingizi unapotea, hamu ya chakula inakwisha, siku za mwanamke zinabadilika. Hata moyo unaguswa. Utafiti mkubwa uitwao INTERHEART, uliochapishwa mwaka 2004 na kufanyika katika nchi 52, zikiwemo za Afrika, ulionyesha kwamba watu wenye mahangaiko mengi nyumbani na kazini walipatwa zaidi na shambulio la moyo.

Kinga ya mwili nayo inapungua. Mwaka 1995, watafiti wa Marekani walifanya kidonda kidogo kwenye ngozi ya wanawake waliokuwa wakitunza wagonjwa waliopoteza kumbukumbu, na kwenye ngozi ya wengine wasiokuwa na mzigo huo. Vidonda vilikuwa sawa, lakini vya wale watunzaji vilichelewa kupona kwa siku 9 hivi.

Hata hivyo, si kila ugonjwa unatoka kwenye mawazo. Watu wengi wanaamini kwamba vidonda vya tumbo vinaletwa na kuwaza sana. Waganga wawili wa Australia, Barry Marshall na Robin Warren, walionyesha kwamba vingi vinaletwa na bakteria, na mwaka 2005 wakapewa tuzo ya Nobel. Mahangaiko yanaweza kuongeza maumivu, lakini bakteria hiyo inatibiwa kwa dawa. Ndiyo sababu mtu mwenye maumivu ya tumbo ao ya kifua anapaswa kupimwa kwanza, kabla ya kuambiwa kwamba ni mawazo ao kwamba amerogwa.

Kosa lingine ni kumwona mwenye huzuni ao hofu kuwa mtu dhaifu ao asiye na imani. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba katika maeneo ya vita, mtu mmoja kati ya watano ana tatizo la afya ya akili. Mashariki mwa Congo, karibu kila familia inaweza kumtambua mtu huyo.

Msaada upo. Hospitali ya Panzi na kituo cha SOSAME mjini Bukavu, pamoja na kituo cha Tulizo Letu mjini Goma, vinajulikana kwa kuhudumia watu wenye majeraha ya moyo na ya akili. Mtu akipitisha wiki mbili bila usingizi, bila hamu ya kitu chochote, akilia ao akikasirika bila sababu, asingoje zaidi. Akisema anataka kufa, asiachwe peke yake, na apelekwe kwa muganga siku hiyohiyo.

Nyumbani pia kuna ya kufanya: kutembea kidogo kila siku, kupumua polepole hofu inapopanda, kuweka simu mbali na habari za vita kabla ya kulala, na kumweleza mtu wa kuaminika yanayomsumbua. Pombe inaleta usingizi wa saa chache, kisha inarudisha hofu ikiwa kubwa zaidi. Na mwenye dawa za tansiyo asiziache kwa sababu amejisikia vizuri.

Hakuna kidonge kitakacholipa deni la mama wa Kadutu. Lakini akipimwa tansiyo mapema, akipata usingizi na mtu wa kumsikiliza, atakuwa na nguvu za kurudi sokoni.