Jina la Tongoni katika Nchi ya Mtang'ata

Tongoni ni kijiji kidogo cha wavuvi na wakulima, yapata kilomita 17 kusini ya mji wa Tanga, baina ya njia iendayo Pangani na bahari. Upande wa pwani pana mikoko. Upande wa bara pana minazi na makonde. Kwa mchunguzi wa lugha, jina lenyewe la kijiji ni ushahidi wa historia yake.

Tongo, katika maana inayohusika hapa, ni mahali palipokaliwa na watu kisha pakaachwa. Neno hili si sawa kabisa na jirani zake. Gofu ni jengo lililobomoka, hata likiwa katikati ya mji wenye watu. Mahame, litokanalo na kuhama, huelekeza fikra kwa watu walioondoka. Tongo huzielekeza mahali palipobaki. Kwa kutiwa -ni, Tongoni ni penye tongo. Basi haiyumkini kuwa waliojenga mji wa kale ndio walioupa jina hilo. Ni jina la waliofika, au waliorudi, baada ya mji kuachwa.

Na tongo lipo. Pana msikiti wa mawe uliobomoka na makaburi zaidi ya 40, mengi yao ya nguzo, yanayohesabiwa kuwa ya karne ya 14 na ya 15. Baadhi ya nguzo zilitiwa vyombo vya kaure. Nyingi zimekwisha anguka. Mnamo Aprili 1498 merikebu São Rafael, ya msafara wa Vasco da Gama, ilipwelewa kwenye mafungu ya mkabala na pwani hii. Wenyeji waliwapelekea Wareno machungwa, nao wakayasifu kuwa bora kuliko ya kwao. Mnamo Januari 1499, kwa upungufu wa mabaharia, waliichoma merikebu hiyo huko huko.

Jina la kale la mji yadhaniwa kuwa Mtang'ata, nalo limebaki kwa nchi hiyo na kwa lahaja yake, Kimtang'ata, ambayo W. H. Whiteley aliichapishia kitabu mwaka 1956. Si mbali na hapo, Vibambani katika Machui, ndiko alikozaliwa Shaaban Robert mwaka 1909.

Sasa bahari inaila pwani ya Tongoni, na Kiswahili sanifu kinachukua nafasi ya lahaja. Yafaa basi majina ya visima, mafungu na zana za uvuvi yakusanywe kwa wazee pamoja na kupimwa kwa magofu. Maana nguzo ikianguka huacha mawe, bali neno lisiloandikwa haliachi kitu.