NYUMBA IMEPATA MUNUNUZI: NINI INAFUATA?

Siku moja utaitwa nyumbani usomee wazazi karatasi ya mauzo, kwa sababu mara nyingi inaandikwa kwa Kifaransa. Basi inafaa tujue mambo yanayofuata wakati bei imekwisha kukubaliwa.

Sheria ya mapatano ya tarehe 30 Julai 1888, ambayo ingali inatumika, inasema kwamba watu wakipatana juu ya kitu na bei, mauzo yamekuwa, hata kama feza haijalipwa. Kwa mbuzi ao pirogi, ni basi. Lakini nyumba iko juu ya udongo, na sheria ya 20 Julai 1973 inasema udongo wote ni mali ya Serkali. Sisi tunapewa haki ya kuutumia. Haki ile inahakikishwa na karatasi moja tu, setifika ya anrejistrema, inayotolewa na konservatere. Karatasi zingine zote, hata zenye mihuri mingi, ni njia ya kuifikia ile.

Kwa hiyo mununuzi asitoe feza yote siku ya kwanza. Anatoa avansi, na muuzishaji anatia sahihi kwamba ameipokea. Kisha mununuzi anakwenda ku ofisi ya konservatere, Butembo ao Beni, kuuliza: parsele iko kwa jina la nani? Imewekwa rehani ku banki? Iko na kesi? Watu wa kadastre wanapima. Komisionere atawaharakisha, eti mwingine iko njiani na dola zake. Mumwache aseme, yeye anangojea sehemu yake.

Kutia sahihi, hapa ndipo jamaa nyingi zinaumia. Sheria ya jamaa ya 1987, iliyotengenezwa tena 2016, inataka bwana na bibi wote wawili wakubali. Baba akiwa amekufa, warithi wa kwanza ni watoto, si baba mudogo, na mama mujane iko na haki ya kukaa katika nyumba waliyokaa pamoja. Baba mudogo akiuzisha peke yake, watoto wanaweza kwenda tribinali.

Tena, mukiandika kwa Kiswahili, angalieni neno «kuuza». Kwetu wengi wanasema «nimeuza nyumba» maana yake wameinunua! Andikeni «kununua» na «kuuzisha», mbele ya mashahidi.

Kisha akti inapelekwa kwa notere, feza iliyobaki inalipwa, na konservatere anafuta setifika ya zamani na kuandika mupya kwa jina la mununuzi. Ikipita miaka 2, haishambuliwi tena. Wengi wanachoka na gharama na safari, wanabaki na karatasi ya chefu wa kartie. Majirani wataiheshimu, lakini mbele ya tribinali ina nguvu kidogo. Vilevile kulipa muhako kwa chefu wa udongo si kununua: ni kupewa ruhusa ya kulima.

Hapa Kyavinyonge ni vigumu zaidi. Tuko ndani ya Parke ya Virunga, iliyoanzishwa 1925, na mipaka ya pecherie imeleta mabishano mingi. Parsele iliyo upande wa parke haiwezi kupata setifika, hata ikiwa imejengwa kwa matofali. Kwa hiyo mununuzi wa hapa anauliza wazee mupaka uko wapi, mbele ya kuuliza bei.