Utelezi Ndani ya Dumu

Kwenye uwanda wa juu wa Ufipa kuni si kitu cha kuchezea. Mama anayechemsha maji ya kunywa huzifuata mbali. Maji yakipoa, anayamimina katika dumu lile lile lililotoka mtoni. Hebu pitisha kidole ndani ya shingo ya dumu hilo. Je, linateleza?

Utelezi huo ni bakteria. Hujishika kwenye plastiki, hutoa ute, na kujijenga tabaka juu ya tabaka. Walio juu hupata hewa na chakula kinacholetwa na maji. Hao hula na kuzaana upesi. Walio chini hupata makombo tu, nao hupunguza kula na kukua hata wakawa kama waliolala. Msidhani aliyelala ni dhaifu! Dawa nyingi za bakteria humpata kwa urahisi yule anayekua. Klorini nayo huishiwa nguvu ikipambana na ute wa juu, kabla haijafika chini. Utando ukibanduka na waliolala wakapata chakula, huamka na kuanza kuzaana tena.

Wengi wao hawana madhara. Lakini bakteria wa kipindupindu naye huishi katika utando wa namna hiyo. Ugonjwa huo uliingia Tanzania mwaka 1974, na mlipuko ulioanza Dar es Salaam Agosti 2015 ulifika mikoa mingi.

Wapo wanaosema maji yetu ni ya baridi, tena ya chemchemi za milima ya Mbizi, hivyo hayana neno. Baridi humchelewesha bakteria, haimuui.

Basi dumu lisuguliwe. Tia kokoto ndogo laini zilizooshwa na maji ya sabuni, tikisa kwa nguvu, geuza, tikisa tena, kisha suuza kwa maji yaliyochemshwa. Klorini itiwe baada ya kusugua, si badala yake. Afadhali zaidi ni ndoo yenye mfuniko na bomba, kwa kuwa mkono unaingia mpaka chini. Dumu la mtoni liwe la mtoni tu, na lililokwaruzika sana likamwagilie bustani.

Mtoto akiharisha maji maji, mpe maji ya chumvichumvi ya pakiti huku mkielekea zahanati. Msingoje kupambazuke.