Kuiona Taya Kabla ya Kuitoboa

Ndani ya mfupa wa taya la chini hupita mshipa wa fahamu uendao hadi mdomo wa chini na kidevu. Daktari wa meno akitoboa mfupa ili apandikize jino, kisha akaujeruhi mshipa huo, mgonjwa aweza kubakia na ganzi, pengine maisha yake yote: chai humtiririka kidevuni naye hana habari.

Mwaka 1965, Per-Ingvar Brånemark wa Uswidi alipompandikizia mtu wa kwanza mizizi ya titani, madaktari walitegemea eksirei ya kawaida. Picha hiyo ni bapa mfano wa kivuli ukutani. Yaonyesha kimo cha mfupa, si unene wake. Mwishoni mwa miaka ya 1990 ikaja mashine izungukayo kichwa cha mgonjwa, na kompyuta huziunganisha picha zake hata taya likaonekana pande zote. Sasa daktari hupima kabla ya kushika kekee, akaacha yapata milimita 2 juu ya mshipa.

Mionzi yake, hata hivyo, huzidi ya picha ndogo ya jino moja. Mgonjwa asione haya kuuliza kama kweli yahitajika. Nao mfupa haukuharakishwa: bado huchukua miezi kushikamana na titani.