Papa nyundo: Kichwa cha ajabu, uzazi wa taratibu

KICHWA cha papa nyundo, ambaye huitwa pia pingusi, si umbo la kushangaza tu, bali ni chombo chake cha kuwindia.

Macho yaliyo kwenye ncha mbili za kichwa hicho humpa uwezo wa kuona eneo kubwa na, kwa mujibu wa utafiti uliochapishwa mwaka 2009, kukadiria umbali.

Upande wa chini kuna vitundu vinavyohisi umeme hafifu wa viumbe hai. Kwa njia hiyo, humgundua hata taa aliyejifukia mchangani.

Jamii hiyo ina aina zipatazo 10. Papa nyundo mkubwa huweza kufikia mita 6, ilhali aina ndogo huwa na mita moja hivi. Mmojawapo, aishiye pwani za Amerika, hula hata nyasi za baharini.

Tatizo ni uzazi. Papa nyundo mkubwa hubeba mimba kwa miezi 11 hivi na huzaa kila baada ya miaka miwili, hivyo idadi yake haiwezi kufidia uvuvi mkubwa unaochochewa na biashara ya mapezi.

Mwaka 2019 aliorodheshwa miongoni mwa viumbe walio katika hatari kubwa kabisa ya kutoweka. Mwaka 2022 biashara ya kimataifa ya jamii nzima iliwekwa chini ya udhibiti.

Hata hivyo, watoto wa aina kadhaa hukulia maji mafupi ya pwani, ambako nyavu huwanasa kabla hawajazaa hata mara moja.