Siku 24 kwenye mashua moja

Mkinuniana nyumbani, mmoja ataenda sebuleni, mwingine atabaki chumbani. Je, kwenye chombo cha futi 32, ambako hakuna mlango wa kubamiza wala pa kukimbilia?

Nikiwasimulia marafiki safari ile, swali lao la kwanza huwa lile lile: "Sasa mlikuwa mnalala wapi?" Tulilala chumba cha mbele, kilichochongoka kama kipande cha keki. Godoro lilikuwa pana upande wa kichwa na jembamba upande wa miguu. Mkilala, miguu yenu minne inakutana, mtake msitake. Na mwaka ule wa 2019, mimi na mume wangu hatukutaka.

Tulikuwa na miaka minne ya ndoa na mtoto mmoja. Mwenzangu alikuwa amechukua mkopo wa SACCOS bila kunishirikisha, akanunua kiwanja, kumbe kiwanja chenyewe kimeuzwa kwa watu wawili. Hela ikaenda na kiwanja hakuna. Hela iliniuma, sikatai. Lakini kilichoniuma zaidi ni kwamba yeye alijua tangu Novemba, mimi nikaja kujua Februari, tena kwa kupokea simu isiyo yangu.

Tiketi zilikuwa zimeshakatwa. Dada yangu na shemeji, ambao wameishi Virginia miaka mingi, walikuwa wametualika tangu mwaka uliotangulia tuwasaidie kurudisha mashua yao ya tanga kaskazini baada ya majira ya baridi. Likizo zetu za siku 28 zilishaidhinishwa, mtoto alishapata mwaliko kwa bibi yake. Basi, tukaenda. Ndani ya ndege tulizungumza kuhusu chakula tu.

Barabara ya maji

Pwani ya mashariki ya Marekani ina njia ya maji inayoitwa Intracoastal Waterway. Fikiria barabara, ila ya maji, inayopita nyuma ya visiwa vya pwani bila kulazimika kutoka bahari kuu. Kuna mahali ni mto, kuna mahali ni ghuba pana usiyoona ng'ambo, na kuna mahali ni mfereji uliochimbwa na binadamu, umenyooka kama rula. Maili zake huhesabiwa kuanzia Norfolk, Virginia, ambako ni maili 0, kushuka kusini hadi Florida. Sisi tulianzia Brunswick, jimbo la Georgia, karibu na maili 680. Yaani zaidi ya kilomita 1,000 za kurudi nyuma hadi sifuri.

Kwa nini kaskazini? Kwa sababu msimu wa vimbunga huanza Juni 1 na kuisha Novemba 30, na kampuni nyingi za bima hazitaki kusikia kwamba chombo chako bado kiko kusini wakati huo. Kwa hiyo Aprili na Mei utakuta msururu wa mashua, nyingi zikiwa na wazee wawili wawili waliostaafu, zinapanda taratibu. Wenyewe wanaitwa ndege wa theluji.

Na ninaposema taratibu, si utani. Mwendo wetu ulikuwa kama kilomita tisa kwa saa. Mtu wa baiskeli anakupita na kukupungia. Tanga lenyewe mara nyingi lilikuwa limekunjwa, maana njia ni nyembamba na inapinda, hivyo unatumia injini ya dizeli. Matanga yanapandishwa mkifika kwenye maji mapana.

Shemeji, mzaliwa wa Nungwi, alitupa darasa siku ya kwanza. Ukienda kaskazini, alama nyekundu ziwe kushoto kwako na za kijani kulia. Lakini njia hii ikikutana na mto unaoingia bandarini, rangi zinaweza kugeuka. Usibabaike, tafuta kibandiko kidogo cha njano. Pembetatu ya njano iache kushoto, mraba wa njano uache kulia. Madaraja mengi marefu yamejengwa kwa urefu wa futi 65 juu ya maji, na mlingoti wetu ulipita bila shida. Yale mafupi hufunguliwa, mengine kwa ratiba, na ukichelewa dakika tano unaweza kuzunguka pale saa nzima.

"Lakini adui si daraja," alisema. "Adui ni kina."

Mashua yetu ilihitaji maji ya futi nne na nusu. Kwenye karatasi, sehemu kubwa ya njia hii inapaswa kuwa na futi 12. Ila mchanga na matope hausomi karatasi. Kwa hiyo dada akaweka sheria: mmoja ashike usukani, mwingine asome ramani, na mwenye usukani ataje kina kwa sauti kila kinapobadilika. "Kumi na moja. Tisa. Nane." Hata kama unaona aibu, taja.

Tulipopanda fungu

Georgia ina maji yanayokupwa na kujaa kwa zaidi ya mita mbili. Ni kama kwetu pwani: asubuhi bahari, mchana matope. Siku ya pili tulipaswa kupita mahali panapoitwa Little Mud River, na jina linajitosheleza. Watu wenye akili hupita pale maji yakiwa yanajaa. Sisi tulichelewa kung'oa nanga, tukafika saa nne asubuhi wakati maji yameshaanza kutoka.

Mume wangu alikuwa kwenye usukani. Dada alikuwa amelala, shemeji yuko chini anaangalia injini. Mimi ndiye msoma ramani, nimekaa mita moja kutoka kwake, nimempa kisogo. Nilisikia "nane". Baadaye kidogo nikasikia "saba". Halafu kimya. Nilijua ule ukimya si wa kawaida, lakini kiburi hakikuniruhusu kugeuka. Dakika mbili baadaye mashua ikapunguza mwendo yenyewe, kama mtu anayekalia kochi, na ikasimama.

Shemeji alipanda juu, akatazama kipima kina, akajaribu kurudi nyuma kwa injini. Wapi! Akazima. "Maji yanatoka," akasema. "Tusubiri yarudi. Kama saa nane hivi."

Saa nane! Kadiri maji yalivyopungua, mashua ililala ubavu. Vikombe vikahamia upande mmoja, sisi pia. Huwezi kushuka, nje ni matope ya kukuzamisha hadi kiunoni. Visubi wakaja kwa maelfu. Kwenye ukingo ule uliobaki juu palikuwa na nafasi ya watu wawili kukaa, na dada, kwa makusudi kabisa, akatuachia sisi.

"Uliona futi sita?" nilimuuliza mume wangu.

"Niliona. Nikaona na tano."

"Mbona hukusema?"

Akakaa kimya muda mrefu. "Nilidhani nitapata maji mengi mbele. Nilitaka nikuambie yakishakuwa sawa."

Shemeji alikuwa anasikia, maana kwenye chombo kila mtu anasikia. Hakujua habari za kiwanja. Alisema tu, bila hata kututazama: "Shemeji yangu, kupanda fungu si kosa. Mimi nimepanda mara nyingi, na Mwarabu aliyenifundisha kazi alipanda pia. Kosa ni kuona maji yanapungua ukanyamaza. Ungesema kwenye sita, tungegeuza."

Mume wangu akaniangalia. Mimi nikaangalia matope. Sote wawili tulijua ni Novemba inayozungumzwa pale.

Basi tukazungumza. Si mazungumzo ya sinema. Tulilaumiana, nililia, visubi wakatuuma. Na mimi pia nilipaswa kukubali jambo: nilisikia ukimya wake nikaacha makusudi ajikwae. Tangu Februari nilikuwa nafanya hivyo hivyo nyumbani. Saa kumi na mbili na nusu jioni, maji yakiwa yamerudi, mashua ilijiinua yenyewe pole pole, ikasimama wima, tukaondoka kama vile hakuna kilichotokea.

Kusema kina

Sitaki ufikiri kwamba kuanzia pale ilikuwa fungate. Siku tatu nzima tulikuwa na adabu kama wageni. Lakini kina kilitajwa! Mume wangu alitaja hadi futi 20 ambazo hazina haja ya kutajwa, dada akawa anacheka.

Tukapita South Carolina. Nyuma ya Charleston njia inapita kando ya Sullivan's Island, kisiwa ambako Waafrika wengi walioletwa utumwani walishushwa na kutengwa kwanza kabla ya kuuzwa. Leo kina nyumba nzuri za ufukweni. Upande wa bara, Mount Pleasant, akina mama wa Kigullah, wajukuu wa wale waliovuka, bado wanauza vikapu vya majani vilivyoshonwa kwa kuzungusha. Nilishika kimoja, nikamkumbuka bibi yangu. Juu zaidi, mto Waccamaw ukatupa siku mbili za miti mikubwa inayoota ndani ya maji na ukimya mtupu. Huko kulikuwa na mashamba ya mpunga yaliyolimwa na mikono hiyo hiyo ya watumwa.

North Carolina ndiko tulikopandisha matanga hasa. Ghuba ya Albemarle ni pana lakini ina kina kifupi, na upepo ukivuma hutoa mawimbi mafupi, makali, yanayogonga moja baada ya jingine. Tulivuka tumelowa, kila mtu na kazi yake, hakuna aliyepigiana kelele. Wahenga walisema manahodha wengi, chombo huenda mrama. Ningeongeza: hata nahodha mmoja, akiwa bubu, chombo kitakwenda mrama tu.

Tukafunga kamba Elizabeth City. Mji huu una sifa ya ukarimu. Mwaka 1983 wazee wawili wa pale, Fred Fearing na Joe Kramer, walianza kuwapokea wasafiri wa mashua kwa divai na jibini, na kila mwanamke akapewa ua la waridi. Nilimsimulia mume wangu nikicheka kwamba na mimi nastahili langu. Hakucheka. Akasema: "Kabla ya ua, kuna kitu. Mkopo si milioni sita. Ni tisa."

Nilikaa kimya nikihesabu. Nilikasirika, ndiyo. Lakini safari hii alikuwa amesema mwenyewe, kwenye futi sita, bila simu ya mtu.

Mtu aliyezungumza kwa mbali

Kutoka Elizabeth City tuliingia mfereji wa Dismal Swamp, urefu wa maili 22, wenye maji meusi kama chai ya rangi. Unaingia kwenye lango la maji, milango inafungwa nyuma yako, maji yanaongezwa, na mashua inapandishwa kama lifti. Mbele kuna lango jingine la kukushusha. Mfereji huu ulianza kuchimbwa mwaka 1793 na kufunguliwa 1805. Waliouchimba kwa mikono, kwenye kinamasi, ni watumwa waliokodishwa na mabwana zao.

Hapo ndipo shemeji alipotusimulia habari za Moses Grandy, mtumwa aliyefanya kazi ya boti kwenye maji haya haya. Grandy alilipia uhuru wake mara tatu, maana mara mbili za mwanzo mabwana walikula hela yake. Kitabu cha maisha yake kilitoka London mwaka 1843. Humo anaeleza kwamba miezi minane tu baada ya kuoa, akiwa kazini na boti, alisikia kelele kwenye barabara iliyopita kando ya mfereji. Lilikuwa kundi la watumwa waliouzwa, na mkewe alikuwemo. Akatolewa bastola ili asisogee. Aliomba ampe mkono, akakataliwa. Akaruhusiwa kuzungumza naye kwa mbali tu. Moyo ulimjaa hata maneno yakawa machache. Akampa hela kidogo aliyokuwa nayo. Hadi kitabu kinatoka, hakuwa amemwona tena.

Hakuna aliyesema kitu mpaka lango la pili. Sitaki kulinganisha msiba ule na ugomvi wetu wa kiwanja, haulinganishwi. Ila nilijiona. Yeye alinyang'anywa maneno. Mimi nilikuwa nayo yote, na mtu wangu nalala naye godoro moja, nikachagua kununa miezi miwili.

Tulifika maili 0, Norfolk, siku ya 24, tukipita kando ya meli za kivita, mashua yetu ikionekana kama kopo. Mkopo tulimaliza kuulipa mwaka 2021, wawili, kwa mishahara miwili. Kiwanja hatukukipata. Lakini hadi leo, nikimwona amekaa kimya na simu mkononi, huwa namuuliza neno moja tu: "Kina?" Naye hujibu kwa namba. Mara nyingi ni kumi. Siku nyingine ni tano, na tunageuza mapema.

Ukitamani kwenda

• Kama huna ndugu mwenye chombo, zipo mashua za kukodi na zipo nafasi za kusaidia wenye vyombo. Mwenye uzoefu lazima awemo.
• Kupanda kaskazini, panga Aprili na Mei. Usikawie hadi Juni.
• Kabla ya kutegemea mfereji wa Dismal Swamp, ulizia kama uko wazi. Baada ya kimbunga Matthew mwaka 2016 ulifungwa kwa mwaka mzima.
• Georgia, soma jedwali la maji kujaa na kupwa kila jioni, na msichelewe kuamka.
• Beba dawa ya visubi. Nyingi.
• Gawaneni kazi, na mbadilishane. Aliyeshika usukani leo, kesho asome ramani.
• Kama kuna jambo hamjaambiana, ambianeni kabla ya kupanda. La sivyo, litapanda nanyi.