Kompyuta ya Bei Nafuu (Sehemu ya Tatu): Diski ya Ukubwa Gani Inakutosha?

Katika sehemu mbili zilizopita tulizungumzia prosesa na RAM, tukakubaliana kwamba mwenye kazi za kawaida za ofisi asikubali mashine yenye RAM chini ya GB 8. Leo tunafika kwenye diski, mahali ambapo Windows, programu na mafaili yako yote hukaa hata umeme ukikatika. Hapa ndipo wanunuzi wengi hupoteza fedha, maana namba kubwa iliyoandikwa kwenye karatasi ya bei huvuta macho kabla mtu hajajiuliza ana kazi gani.

Nachukua mfano wa Isikizya, makao makuu ya Halmashauri ya Wilaya ya Uyui, kaskazini mwa mji wa Tabora kwenye barabara iendayo Nzega. Penye ofisi za halmashauri hapakosi steshenari. Mwalimu anakuja kuchapa mtihani, kijana anaomba kazi, mzazi anataka kuskani cheti cha kuzaliwa cha mwanawe, na katibu wa AMCOS ya tumbaku anabeba daftari la mizani ambalo jalada lake limeshachakaa. Karibu kila steshenari ya namna hiyo huanza na kompyuta moja ya mezani iliyokwisha kutumika ughaibuni, ikapitia Kariakoo, ikaletwa Tabora.

Mama mmoja anayetaka kufungua duka la namna hiyo alinionyesha karatasi ya bei ya mashine mbili za aina moja, bei zake zikikaribiana. Ya kwanza ilikuwa na diski ya kawaida ya GB 500. Ya pili ilikuwa na SSD ya GB 256. "Mwalimu, hii ya 500 si ndiyo yenye faida?" aliniuliza. Nilimwomba tuhesabu kwanza kazi yake, na hesabu hiyo ndiyo ninayoiweka hapa ili kila msomaji aifanye kwa kazi yake mwenyewe.

Namba ya kwenye kasha

Mtengenezaji wa diski huhesabu gigabaiti moja kuwa baiti bilioni moja. Windows huhesabu kwa vipimo vya 1,024, hivyo gigabaiti yake ni kubwa zaidi kidogo. Ndiyo maana diski ya GB 256 ukiifungua itasomeka GB 238, ya GB 500 itasomeka 465, na ya TB 1 itasomeka 931. Hujaibiwa, ni vipimo viwili tofauti vinavyotumia jina moja.

Kutoka kwenye hiyo 238 toa sehemu ya Windows 11 yenyewe, programu za ofisi, kivinjari, madereva ya printa na skana, na nafasi ambayo Windows hujitengea kwa ajili ya masasisho yake. Kwa makadirio ya tahadhari, weka GB 50. Kisha acha moja ya tano ya diski yote ikae wazi, kwa kuwa SSD iliyojaa hadi ukingoni hupungua kasi, na sasisho kubwa la Windows likikosa nafasi hukwama katikati. Hiyo ni GB 48 nyingine. Unabaki na GB 140 hivi za kazi yako.

Hesabu hiyohiyo inaonyesha kwa nini vikompyuta vidogo vyenye GB 64 tu, tena vilivyounganishwa kwenye ubao bila njia ya kubadilisha, havifai kwa biashara. Microsoft wanaitaja GB 64 kuwa kiwango cha chini kabisa cha kuweka Windows 11. Mashine itawaka, lakini baada ya miezi kadhaa ya masasisho utakuwa unafuta mafaili ya wateja ili kuipa pumzi.

Pima kazi ya siku moja

Sasa tuje kwenye kazi yenyewe. Tuseme duka linapata siku nzuri. Barua na wasifu 30, kila moja KB 100, ni MB 3. Kurasa 40 zilizoskaniwa, kila moja MB 1, ni MB 40. Wateja 20 wa picha za pasipoti, kila mmoja amepigwa mara tatu, na kila picha ni MB 4: hizo ni MB 240. Jumla ya siku ni MB 283. Duka likifanya kazi siku 300 kwa mwaka, unapata GB 85.

Itazame hesabu hiyo kwa makini. Katika GB 85, picha za pasipoti zimekula 72. Barua, wasifu na kurasa zilizoskaniwa kwa mwaka mzima hazifiki hata GB 13. Ukiwa na GB 140 za kazi, maandishi peke yake yatakuchukua zaidi ya miaka kumi kuijaza diski ile "ndogo". Ukihifadhi kila picha ya kila mteja, itajaa kabla ya mwaka wa pili kwisha, na hata ile ya GB 500 itajaa kabla ya mwaka wa nne kwisha. Kununua kubwa zaidi kungeahirisha tatizo bila kuliondoa.

Na hizo picha za nini? Mteja ameshachukua nakala zake nane, amekwenda zake Goweko au Mabama. Sura yake, namba yake ya kitambulisho cha NIDA na cheti chake vimebaki kwenye diski ya mtu mwingine bila sababu. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inataka taarifa za mtu zisihifadhiwe kupita muda unaohitajika kwa kazi iliyozileta. Mwenye steshenari anayefuta picha na vyeti vya wateja kila mwisho wa mwezi, kwa utaratibu aliowaeleza waziwazi, anatii sheria na papo hapo anapunguza mahitaji yake ya diski kwa zaidi ya nusu. Ningependa utaratibu huu uwe desturi katika kila duka linaloshika vitambulisho vya watu.

Katibu wa AMCOS naye ana hesabu yake. Wakulima 300, kila mmoja akipeleka mizigo 40 mizani msimu mzima, ni mistari 12,000 ya Excel: namba ya mkulima, tarehe, uzito, daraja, bei. Faili la namna hiyo kwa kawaida huwa MB moja hivi, pungufu ya picha moja ya simu. Kumbukumbu za chama kwa miaka ishirini zinaenea kwenye flashi ndogo kuliko zote sokoni. Chama cha namna hiyo kikiuziwa diski ya TB 2 kwa madai ya "kumbukumbu nyingi za wanachama", fedha za wakulima zimetumika vibaya.

Ofisi za umma vilevile. Malipo yanafanyika kwenye MUSE, zabuni kwenye NeST, maombi ya kazi kwenye Ajira Portal. Mifumo hiyo hufunguliwa kwa kivinjari, na taarifa zake hukaa kwenye seva za serikali. Afisa anayeshinda humo anahitaji mtandao wa uhakika kuliko diski kubwa.

Anayehitaji nafasi kubwa kwelikweli ni mpiga video. Kamera inayorekodi kwa megabiti 24 kwa sekunde hutoa MB 3 kila sekunde, yaani GB 10.8 kwa saa. Harusi ya saa tano kwa kamera mbili ni GB 108 kabla hujaanza kuhariri. Harusi mbili zimemaliza nafasi yote ya mashine ya GB 256. Huyu asiulize kama anahitaji TB 1. Aulize atazihifadhi wapi harusi za mwaka jana.

Kupima kazi kabla ya kununua mashine ni somo ambalo nchi yetu ililipia. Mwaka 1974 serikali ilizuia uingizaji wa kompyuta nchini, baada ya mfumo wa kompyuta uliowekwa kwa hesabu za Hazina kuleta hasara na mkanganyiko mkubwa. Mashine ilikuwa ya gharama, kazi yake haikuwa imeeleweka vizuri, na wataalamu wa kuiendesha walikuwa wachache. Leo bei zimeshuka, lakini kwa mama anayekopa VICOBA ili afungue duka, hasara ya kuchagua vibaya ina uzito uleule.

Kwa nini SSD

Diski ya kawaida ina sahani zinazozunguka na kichwa kinachosoma. Nyingi za mezani huzunguka mara 7,200 kwa dakika, kwa hiyo mzunguko mmoja ni milisekunde 8.3. Kila faili dogo linapoombwa, kichwa hukimbilia njia yake, kisha husubiri sahani ilete kipande kinachotakiwa. Kwa wastani zoezi zima huchukua milisekunde kumi na zaidi, hivyo diski hutekeleza maombi mia moja hivi kwa sekunde, au pungufu. Windows inapowaka huomba mafaili madogo kwa maelfu. Ndipo mteja anasimama, wewe unatazama kiduara kinavyozunguka.

SSD haina kinachozunguka. Taarifa zake zimo kwenye chipu, na ombi moja hujibiwa kwa sehemu ndogo ya milisekunde. Kompyuta ya zamani iliyokuwa ikiwaka kwa dakika kadhaa hurudi kuwaka kwa nusu dakika hivi, bila kubadilishwa kitu kingine. Kwa duka ambalo umeme ukikatika mara tatu kwa siku mashine huwashwa mara tatu, faida hiyo inaonekana kwenye mapato.

Kwa hiyo mama yule nilimshauri achukue SSD ya GB 256. Kiasi ambacho angeongeza kutafuta SSD ya GB 512 nilimwomba akiweke kwenye diski ya nje.

Bohari na mzigo wa njiani

Wenyeji wa Tabora wanalielewa jambo hili kuliko wengi. Katika karne ya 19 mpagazi wa Kinyamwezi alibeba mzigo wa frasila mbili hivi, kama kilo 32. Hakuna mfanyabiashara aliyejaribu kutembea na mali yake yote kutoka Bagamoyo hadi Ujiji. Merikani, shanga na nyaya za shaba ziliwekwa kwenye matembe ya Tabora na Kwihara, na misafara ikachukua kilichohitajika kwa safari iliyo mbele. Kompyuta ya bei nafuu ipangwe hivyohivyo: SSD ndogo yenye kasi ibebe Windows na kazi za msimu huu, na diski ya kawaida, ambayo kila gigabaiti yake ni rahisi zaidi, iwe bohari ya kazi zilizokwisha. Mashine nyingi za mezani zina nafasi na waya wa kuongeza diski ya pili ndani, na fundi huifunga kwa muda mfupi.

Lakini bohari lisiwe moja. Nafasi kubwa haimlindi mtu na upotevu. Diski moja ya TB 2 ikifa, imekufa na vyote. Mafaili ambayo huwezi kuyapata tena, kama hesabu za chama, mitihani na mikataba, yawe mahali pawili, na pa pili pawe nje ya jengo lile.

Ukifika dukani

Usilipe kabla ya mashine kuwashwa mbele yako. Ikiwaka, bonyeza Windows na E, halafu fungua "This PC" usome ukubwa wa diski kwa macho yako. Mwombe fundi aweke CrystalDiskInfo, programu ya bure inayoonyesha aina ya diski, afya yake na saa ilizofanya kazi. Diski ya kawaida yenye saa 40,000 imewaka sawa na miaka minne na nusu mfululizo. Usiikabidhi kumbukumbu za chama. Alama ya "Caution" ikitokea, omba diski nyingine.

Jihadhari sana na flashi au diski ya nje ya TB 2 inayouzwa kwa bei ya GB 64. Ndani yake mara nyingi kuna chipu ndogo iliyorekebishwa idanganye ukubwa wake. Utanakili mafaili, majina yataonekana, lakini ukiyafungua hayasomeki. Programu ya H2testw hujaza kifaa chote kisha hukisoma tena, na huo ndio uthibitisho wa kuaminika.

Uliza pia kuhusu Windows yenyewe. Microsoft waliacha kuihudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na mashine nyingi za mtumba hazikubali Windows 11 kwa utaratibu wa kawaida. Ikiwa kazi yako ni kuchapa na kivinjari, Ubuntu ni bure, na watengenezaji wake wanapendekeza nafasi ya GB 25 tu. Fundi atakayekwambia "nitakupigia Windows" akueleze ni Windows gani na leseni yake imetoka wapi.

Kwa kifupi, mwalimu, katibu wa AMCOS na mwenye steshenari anayefuta picha za wateja watosheke na SSD ya GB 256. Hata ya GB 128 itamfaa mwenye maandishi matupu, mradi awe mwangalifu. Mwenye picha nyingi za kuhifadhi aongeze diski ya kawaida ya TB 1. Mpiga video aanzie SSD ya GB 512 pamoja na diski mbili za TB 2 au zaidi, moja ikiwa nakala ya nyingine. Ukiwa huna uhakika uko kundi gani, chukua wiki moja ya kazi yako, iweke kwenye folda moja, bonyeza kitufe cha kulia cha mausi, chagua "Properties", usome ukubwa wake, kisha zidisha kwa 52. Namba utakayoipata ndiyo ya kwenda nayo dukani.

Wiki ijayo tutazungumzia umeme: UPS ya kiasi gani inaipa kompyuta ya mezani muda wa kuzimwa salama, na kukatika kwa ghafla kunaidhuru vipi diski ambayo leo tumeichagua.